Miaka ya mpandaji, miaka ya farasi

Wanafunzi wapya huniuliza itawachukua muda gani kufika Grand Prix, daraja la juu kabisa la dresaji. Nami huwauliza: farasi wako ana miaka mingapi?

Dresaji ni mchezo wa kupanda farasi kwa ishara ndogo mno. Mpandaji huhamisha uzito kiunoni, hubana kidogo kwa mguu, hukaza kidole kwenye hatamu, na farasi anaelewa. Uwanja una mita 60 kwa 20, na kila zoezi hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Ukimwona mpandaji ametulia kama hafanyi lolote, jua anafanya kazi kwelikweli.

Kumfikisha farasi hapo ndiko kunakokula umri. Huanza kupandwa akiwa na miaka mitatu au minne. Piafe, yaani kupiga hatua kwa mdundo papo hapo bila kusonga mbele, humtaka awe na nguvu za nyuma ambazo hujengeka polepole, ukimharakisha, unamvunja. Olimpiki haipokei farasi wa dresaji aliye chini ya miaka 8, na wakishapita 17 wengi huwa wanastaafishwa. Miaka yake ya kileleni inahesabika kwa vidole.

Mpandaji je? Mjapani Hiroshi Hoketsu alishindana Olimpiki ya London 2012 akiwa na miaka 71! Isabell Werth wa Ujerumani alianza Olimpiki mwaka 1992 juu ya farasi Gigolo, na Paris 2024 alikuwa juu ya Wendy, akafikisha medali 14. Watu huhesabu medali. Mimi huhesabu farasi: Gigolo, Satchmo, Weihegold, Bella Rose, Wendy. Wendy alimfikia akiwa tayari amefundishwa, muda mfupi kabla ya Paris, lakini mlango huo haumfungukii kila mtu. Sisi wengine tunapaswa kuwa na farasi kijana bandani anayejifunza wakati mkubwa bado anang'ara, na kumpanda kijana huyo hata asubuhi ya baada ya ushindi, mwili ukiuma.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa na farasi mmoja, nikampenda, nikaona anatosha. Alipoumia kano ya mguu wa mbele, akiwa na miaka 13, bandani hakukuwa na mwingine. Nilirudi mashindanoni baada ya miaka sita, daraja la chini kabisa, juu ya farasi ambaye siku ile ya jeraha alikuwa bado ananyonya.