Je, wajua kwa nini kifaranga aliyemponyoka mwewe huuawa na ndugu zake?

Mwewe amemkosa. Kifaranga amedondoka kutoka kwenye kucha akiwa na jeraha mgongoni, amekimbilia kwa mama yake, na mwenye kuku ameshukuru Mungu. Kesho yake anakutwa bandani amekufa, mgongo umeliwa. Nguchiro hakuingia, wala kicheche. Waliomla ni vifaranga wenzake.

Maelezo mawili husikika sana. La kwanza ni kwamba kifaranga anarudi na harufu ya mwewe, hivyo wenzake wanamwona adui. La pili ni kwamba kuku wana roho mbaya na humaliza mgonjwa ili asiwaambukize. Yote mawili yanakwama kwenye jambo moja. Vifaranga waliototolewa kwa mashine, wasiowahi kumwona mwewe wala mama, nao humdonoa mwenzao aliyekwaruzwa na waya. Hapo harufu ya mwewe imetoka wapi? Na kidole kilichochanika kina ugonjwa gani wa kuambukiza? Hata mzima hudonolewa, pale manyoya mapya ya mkia yanapochomoza yakiwa bado na damu ndani. Kuku ana uwezo wa kunusa, kwa hiyo si haki kuifuta harufu moja kwa moja, lakini udonoaji huanza vizuri tu bila hiyo. Na roho mbaya haimo kabisa: kifaranga anayedonoa jeraha anafanya kilekile anachofanya akiona mdudu.

Kinachomvuta ni rangi. Kifaranga huijua dunia kwa mdomo. Tangu siku ya kwanza hudonoa kila kilicho tofauti na kinachokizunguka, na hivyo ndivyo anavyojifunza kipi ni chakula. Macho yake ni makali kuliko yetu kwa rangi: sisi tuna aina 3 za chembe za kutambua rangi, kuku ana 4, na huona hata mwanga wa urujuanimno, ule ambao jicho la binadamu halioni. Damu mbichi juu ya manyoya ya njano ni doa linalong'aa. Anadonoa mmoja, damu inazidi, doa linakua, mdomo wa pili unafika.

Chukua harage moja jekundu lililoangukia kwenye sahani ya wali mweupe. Jicho linalifikia kabla hujafikiri. Lirudishe harage hilohilo kwenye chungu cha maharage mekundu: bado lipo, ila halionekani tena. Taa nyekundu kwenye banda la vifaranga hufanya kazi namna hiyo. Pumba, manyoya na chombo cha maji vyote vinakuwa vyekundu, na kidonda kinapotelea humo. Taa hiyo haimalizi kila udonoaji. Banda likibanana, joto likizidi au chakula kikipungua protini, watadonoana tu.

Wamarekani waliwavalisha kuku miwani, na hii ni kweli tupu. Mwaka 1903 Andrew Jackson Jr. wa Munich, Tennessee, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) namba 730,918 ya miwani ya kukinga macho ya kuku yasidonolewe. Baadaye, miaka ya 1930, kampuni ya National Band & Tag ya Kentucky ikatengeneza yenye vioo vyekundu, kuku asiitambue damu.

Huku kwetu kuna GV, dawa ile ya zambarau. Huua vijidudu na wakati huohuo huficha wekundu, na nadhani hiyo kazi ya pili ndiyo inayookoa wengi. Ipakwe kidogo, kwenye kidonda tu: mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilionya kuwa inaweza kuhusiana na saratani, hata ikitumiwa kwa mifugo ya kuliwa. Wapo pia wanaopaka vifaranga wazima rangi ili mwewe asiwatambue. Ushahidi wake ni mwembamba, kwani mwewe naye anaona rangi vizuri. Anayetaka kujaribu aiepuke nyekundu kabisa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya dawa yoyote, ni kumtenga. Boksi lenye matundu ya hewa, kitambaa kikavu, na joto la nyuzi 32 hadi 35 kama ana chini ya wiki moja. Kifaranga aliyeshtuka hupoa haraka na baridi humwahi kabla ya kidonda. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi. Pekua chini ya mbawa na tumboni, maana kucha za mwewe huacha tundu dogo juu na refu ndani. Zuia nzi, wasije wakataga hapo funza wakaingia. Akinywa maji mwenyewe siku hiyohiyo, matumaini yapo.

Asirudishwe mpaka kidonda kikauke na wekundu uishe. Mweke kwanza ndani ya tenga katikati ya wenzake, waonane bila kufikiana, kisha mwachie jioni wakati wanaingia kulala. Tenga hilohilo, likifunika vifaranga mchana kwa wiki 3 au 4 za mwanzo, ndilo linalomzuia mwewe na kunguru tangu awali.