Kwa Nini Paka Felix Ni Mweusi

Wanafunzi wangu wa animesheni huniuliza kwa nini wahusika wa katuni za zamani, kama paka Felix, wanafanana: weusi, wa mviringo, mikono inayopinda kama mpira wa maji. Wengi hudhani yalikuwa mapenzi ya watu wa enzi zile. Mimi huwapa meza ya kioo yenye taa chini yake, rundo la karatasi na kazi moja: chora mpira unaodunda kwa sekunde mbili, kwa mkono, bila kompyuta. Ikifika karatasi ya ishirini vidole vimeanza kufa ganzi, na yule aliyeanza na mpira wenye mishono na nembo ameshaviacha vyote, kabaki na duara tupu. Hapo tunaweza kuzungumza historia.

Agosti 1908 jijini Paris, mchoraji Mfaransa Émile Cohl alionesha Fantasmagorie, filamu isiyofika dakika mbili iliyotokana na michoro takriban 700. Alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kisha picha zikageuzwa, nyeusi ikawa nyeupe, ndiyo maana inaonekana kama chaki ubaoni. Ni kazi tamu, ila kila kiumbe humo hugeuka kitu kingine kabla hujamzoea.

Wa kuzoeleka alikuja Februari 1914, kwenye jukwaa moja la Chicago. Winsor McCay, mchoraji maarufu wa magazeti, alisimama kando ya pazia la sinema akiwa na mjeledi, akamwita dinosaria wake. Gertie akachungulia kutoka nyuma ya mwamba, akatoka kwa kusitasita. McCay akimwambia inua mguu, anainua. Akimkemea, analia. Akimrushia tufaha, lile la mkononi linafichwa upesi na la kuchorwa linaonekana likiingia kinywani.

Nimemtazama Gertie mara nyingi kuliko filamu yoyote, na kinachonivuta siku zote ni kifua chake. Hata akisimama tu, kinapanda na kushuka. McCay alijipima pumzi zake mwenyewe kwa saa ili apate mwendo huo. Mwanafunzi akiona mhusika wake amesimama kama gogo, namwambia aanzie hapo: mpe pumzi.

Sasa fikiria gharama yake. Filamu ilihitaji maelfu ya michoro, na kila mmoja ulibeba dinosaria pamoja na miamba, ziwa na milima ya nyuma. Mandhari ile ile ilinakiliwa upya kila karatasi. Kazi hiyo aliifanya kijana John Fitzsimmons, akifuata alama za pembeni ili karatasi zilingane. Ukitazama kwa makini utaona mistari ya milima ikitetemeka kidogo, na mtetemo huo ni mkono wa Fitzsimmons, karatasi baada ya karatasi. McCay naye alibuni njia ya kupunguza mzigo: alichora kwanza mikao mikuu ya tendo, kisha akajaza ya katikati, na michoro ya tendo linalojirudia akaitumia tena. Sisi bado tunafanya hivyo hivyo.

Desemba mwaka huo huo mchoraji wa katuni Earl Hurd aliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya njia iliyobadilisha kila kitu: mhusika achorwe kwenye seluloidi, plastiki nyembamba inayopitisha mwanga kama kioo, iwekwe juu ya mandhari moja iliyotulia. Milima ikaacha kunakiliwa. Hurd aliungana na John Randolph Bray, mwenye studio ya katuni, na studio nyingine zikawa zinalipia leseni hadi hataza hizo zilipokwisha mwaka 1932.

Baada ya hapo studio zilitakiwa kutoa filamu fupi mfululizo, na mhusika akalazimika kuwa mtu ambaye wachoraji kadhaa wanaweza kumrudia bila kumkosea. Felix alitokea mwaka 1919 katika studio ya Pat Sullivan, New York, akichorwa na Otto Messmer, ambaye jina lake halikutajwa kwenye filamu kwa miaka mingi. Hilo linaniuma hadi leo. Messmer alieleza baadaye kwamba kumjaza paka wino mweusi kulimwepusha na mistari mingi, na kwamba umbo lililojaa hutembea vizuri zaidi machoni. Mwanzoni Felix alikuwa na pembe pembe, kisha mchoraji mwingine, Bill Nolan, akamfanya wa mviringo ili achoreke haraka. Lakini Messmer alimpa pia akili: Felix huenda huku na huko, mikono nyuma, kichwa chini, akiwaza, kisha anang'oa mkia wake na kuufanya chombo anachokihitaji.

Ndiyo maana Mickey, panya wa Disney wa mwaka 1928, hakunishangaza nilipomjua Felix. Mchoraji Ub Iwerks alimjenga kwa maduara, na masikio yake hubaki maduara hata akigeuza kichwa. Alipata glavu nyeupe mwaka 1929 katika The Opry House, kwa sababu mikono myeusi mbele ya mwili mweusi ilikuwa ikipotea.

Hilo ndilo jibu la kiufundi, na ni la kweli. Lakini silitoi peke yake darasani. Uso mweusi, mdomo mpana na glavu nyeupe watazamaji wa Marekani walikuwa wameshavizoea kwenye majukwaa ambako Wazungu walijipaka masizi ili kuwadhihaki Waamerika Weusi, na wachoraji wa katuni walikulia katika burudani hiyo. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akarudi mezani, akamfuta mhusika wake mdomo, akaanza kuuchora upya.