Maji yametulia, tope limeshika

Juzi nilikuwa Soko la Majengo, Dodoma, nikichagua perege. Mama anayeniuzia aliona kitambulisho cha maabara kikining'inia shingoni, akaniuliza: "Kaka, ninyi wapima maji, hawa wa Hombolo hawana sumu?" Nikamwambia maji peke yake hayawezi kunijibu swali hilo. Lazima nichote na tope. Akaniangalia kama mtu anayekwepa bei.

Sumu tunayoizungumzia ni metali nzito: risasi, zebaki, kadimiamu, aseniki na ndugu zao. Hazinuki wala hazibadili rangi ya maji. Vimelea vya kipindupindu ukivichemsha vinakufa, ila risasi ukiichemsha maji ndiyo yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na mto unaolilisha, Kinyasungwe Mdogo, hupokea maji ya mvua yanayoteremka kutoka Dodoma mjini. Mvua za kwanza za Desemba ndizo zinazosomba vya mwaka mzima: oili chafu ya gereji, vumbi la barabara, rangi iliyobanduka, tindikali iliyomwagwa na fundi betri nyuma ya kibanda. Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni kote kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi iliyokwisha kutoka kwenye eksozi haiozi. Udongo wa kando ya barabara umeishika, na mvua huuhamisha kidogo kidogo.

Mto ukifika bwawani unapoteza kasi na kuacha mzigo wake. Chembe ndogo za mfinyanzi hutua chini zikiwa zimeng'ang'aniwa na metali. Ndiyo maana maji ya juu yanaweza kuonyesha kiasi kidogo mno kwenye mashine, huku tope la chini likiwa nacho mara mamia au maelfu. Sisi tunalichota kwa chombo chenye taya mbili zinazofumba zikigusa chini. Linatoka jeusi, linanuka yai viza. Harufu hiyo inakera, ila kwangu ni habari njema kiasi: ni dalili ya salfaidi, yaani kampaundi ya salfa, ambayo hufunga metali nyingi zisitembee. Shida huja kiangazi, bwawa likinywea na tope kukauka hadi kupasuka. Hewa ikiingia kwenye nyufa, kufuli hilo hulegea, na mvua ikirudi metali huanza safari upya.

Zebaki ina mambo yake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Sekenke kule Iramba, wanaijua vizuri: inakamata dhahabu, kisha inachomwa ipae. Inayomwagika pamoja na marudio (mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa) huweza kufika mtoni. Ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo hupanda ngazi: vijidudu vya maji, samaki mdogo, samaki mla samaki, halafu sahani yako. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana nayo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na walioupata walikuwa walaji wa samaki na kombe wa ghuba yao.

Kwa jikoni, tofauti kati ya zebaki na metali nyingine ina maana. Risasi na kadimiamu hujikusanya zaidi kwenye mashavu (yale mekundu samaki anayopumulia), ini, figo na mifupa kuliko kwenye mnofu, kwa hiyo kutupa matumbo na mashavu kunasaidia kweli. Supu ya kichwa cha kambare siwakatazi (mimi mwenyewe sijaiacha), ila mashavu yatoke kwanza. Zebaki ya methili hukaa kwenye mnofu wenyewe, na kisu, moto au ndimu haviitoi. Kinga yake ni kuchagua samaki: perege, anayekula zaidi mwani, hubeba kidogo kuliko kambare mkubwa mzee anayepekua tope na kumeza wenzake. Mjamzito na mtoto mdogo wapewe perege. Kwa risasi, kikomo cha kimataifa ni miligramu 0.3 kwa kila kilo ya samaki, nacho hupimwa maabara, si kwa jicho wala kwa ulimi.

Yule mama nilimjibu hivyo, kwa kifupi. Akanitengenezea perege wangu wawili, akayang'oa mashavu, kisha akanionyesha mfereji wa maji ya mvua pembeni ya meza yake. Betri mbili chakavu za pikipiki zilikuwa zimelala humo, moja imepasuka.