London si GMT: maana ya saa za eneo

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtu akisema kikaoni, "Weka GMT tu, si ndiyo London?" GMT ni saa ya wastani ya Greenwich, mtaa mmoja wa London. Kwa kuwa msemaji wa mara hii ni mwenzangu ninayemheshimu, niliona afadhali nieleze kwa maandishi kuliko kumkatiza mbele ya watu.

Maana yenyewe ni fupi. Saa za eneo ni kanuni ambazo mahali fulani hufuata katika kuzipa nyakati majina, pamoja na kumbukumbu ya jinsi kanuni hizo zilivyobadilika. Tofauti ya saa ni idadi ya saa na dakika ambazo mahali hapo hutangulia au kubaki nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa wakati mmoja uliotajwa, basi. Europe/London, jina ambalo kompyuta huzitambulia saa za London, ni saa za eneo. Jumlisha tatu, tunayoitumia Nairobi na Dar es Salaam, ni tofauti ya saa. Huku kwetu hatusogezi mishale ya saa majira yakibadilika, kwa hiyo vitu hivyo viwili vimegandana kiasi kwamba mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuhitaji kuvitenganisha.

Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili ndiye ambaye hakupaswa kutatizwa na jambo hili. Neno letu saa, tulilolitwaa kwa Waarabu, limetwishwa mizigo mitatu: chombo kinachoning'inia ukutani, muda wa dakika sitini, na nukta ya siku tunayoitaja tukisema saa nane usiku. Wengi wameuhisi uzito huo, ndiyo maana husema masaa wanapokusudia muda, ingawa walimu wa sarufi hawachoki kuwasahihisha. Zaidi ya hayo, sisi huamka na kuambiana kuwa ni saa moja asubuhi huku simu mkononi ikiandika 07:00, na hakuna anayedhani kuwa simu imehamia nchi nyingine. Tunajua bila kufundishwa kwamba nukta ni moja na majina ni mawili.

Saa za majira ya joto, yaani desturi ya kusogeza saa mbele kwa saa moja kiangazi kikikaribia, ni jambo la aina hiyo hiyo: ni mabadiliko ya jina. Wanaoziita saa za kuokoa mchana wametafsiri maneno ya Wamarekani yalivyo, ilhali hakuna mchana uliookolewa na jua halijapewa taarifa. Mjenzi Mwingereza William Willett alilipigia debe wazo hilo Uingereza kuanzia mwaka 1907, lakini walioanza kulitekeleza kitaifa ni Wajerumani na washirika wao wa Austria na Hungaria, tarehe 30 Aprili 1916, wakati wa vita. Waingereza wakafuata wiki tatu baadaye.

Sasa hiyo GMT. Ni wastani wa mwendo wa jua kama unavyopimwa Greenwich, nao haujui kiangazi wala kipupwe. London huitumia kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, yaani miezi mitano hivi. Miezi mingine yote iko saa moja mbele yake. Kuna hata kipindi, kuanzia Oktoba 1968 hadi Oktoba 1971, ambapo Uingereza haikurudi GMT kabisa. Kwa hiyo nukta ambayo kompyuta nyingi huhesabia sekunde zake, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, saa za London zilikuwa zinaonyesha saa saba usiku. Nikitaja hili watu hucheka, kisha wanarudi kuandika GMT.

Athari yake kwa kazi ambazo kompyuta hupangiwa kuzifanya saa fulani ni hii. Jumapili ya tarehe 31 Machi 2024, London iliruka kutoka 00:59 hadi 02:00, hivyo kazi iliyopangiwa 01:30 ilipangiwa dakika isiyokuwepo. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo huo, 01:30 ilipita mara mbili. Programu ya kupanga kazi iitwayo cron, inayopatikana katika mifumo ya kompyuta kama Debian, hujitahidi: kazi iliyorukwa huiendesha mara tu baada ya mruko, na iliyokwisha kufanyika haiirudii, mradi iwe imepangiwa saa na dakika mahususi. Programu nyingine za kupanga kazi hazina adabu hiyo, na malipo yanayotumwa mara mbili usiku mmoja si jambo la mzaha.

Lakini kosa lililotupata sisi halikutokea usiku, wala halikutokea London. Seva ilikuwa Dar es Salaam, na ripoti ilipangwa itoke saa tano kasorobo asubuhi, ili ofisi ya wenzetu London ikifunguliwa saa mbili kwa saa zao, ambayo ni saa tano kwetu, waikute tayari. Ilikwenda vizuri majira yote ya baridi. Jumatatu ya kwanza baada ya mabadiliko ya Machi, wenzetu walifungua ofisi saa nne kwa saa zetu na wakakaa dakika arobaini na tano bila ripoti. Seva yetu haikugeuza chochote, na kutogeuza huko ndiko kulikokuwa kosa.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kuandika kila kitu kwa UTC. Kwa jambo lililokwisha kutokea, nakubaliana nao kabisa. Kwa miadi ya mbele iliyofungwa na saa ya watu fulani, sikubali, kwa sababu serikali hubadili kanuni: Misri iliziacha saa za majira ya joto kwa miaka kadhaa, kisha ikazirudisha mwaka 2023, na aliyekuwa amekokotoa mapema miadi ya Cairo ya kiangazi hicho kwa UTC ilimbidi akokotoe upya. Aliyeandika Africa/Cairo pamoja na saa ya ukutani alihitaji tu kusasisha orodha ya kanuni katika kompyuta yake.

Kwa hiyo katika kumbukumbu za kikao, pale mwenzangu alipoandika "saa mbili asubuhi GMT", nimeandika "saa mbili asubuhi kwa saa za London", na kwenye faili la ratiba nimeweka 08:00, Europe/London. GMT nimeiacha katika safu ya vipimo vya kituo cha hali ya hewa.