Ramani nyingi haziifanyi GPS kuwa kali: dhana potofu kuhusu memori ya kifaa cha mkononi

Hapa Tanga GPS za mkononi, vifaa vya kuonyesha mahali ulipo, zina watu wake: maafisa misitu wa Usambara Mashariki, wapima mashamba, waongoza watalii wa hifadhi ya Amani, na wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea wanaotia nanga juu ya miamba isiyoonekana kwa macho. Wengi wana kifaa cha kampuni ya Garmin, aina ya eTrex au GPSMAP, na wengi humlipa fundi awajazie ramani. Inaniuma, maana kazi yenyewe ni kunakili faili tu, na mtu akiielewa hatapoteza pointi, yaani alama za mahali, alizozikusanya kwa miaka.

Dhana iliyo mzizi wa nyingine ni kwamba ukipakia ramani nyingi, kifaa kinakuwa sahihi zaidi. Si kweli. Mahali ulipo panakokotolewa kwa mawimbi ya setilaiti zilizo takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, na kifaa kinahitaji angalau nne. Ramani ni mchoro unaowekwa nyuma ya alama yako kwenye skrini. Futa ramani zote, latitudo na longitudo zitabaki zilezile. Ndiyo maana pia hakihitaji bando wala mnara: simu ikikata mtandao katikati ya msitu wa Amani, GPS inaendelea na kazi. Kinachoisumbua humo ni majani mazito. Na ukiingia mapango ya Amboni haipati kitu, hata ukiijazia ramani za Afrika nzima.

Inayofuata ndiyo inayowagharimu watu zaidi: "Weka faili popote kwenye kadi ya memori, itajisomea yenyewe." Haitajisomea. Ifungue kadi kwenye kompyuta: lazima kuwe na folda iitwayo Garmin, na faili ya ramani, ile inayoishia na .img, ikae ndani yake. Kwa vifaa vya zamani kama GPSMAP 60CSx au eTrex Legend HCx, hata jina lina masharti. Kifaa kinasoma faili moja tu kwenye kadi, nayo lazima iitwe gmapsupp.img. Sasa fikiria mtu mwenye ramani ya Tanzania aliyeletewa ya Kenya kwa sababu ana safari ya Lunga Lunga. Anainakili, kompyuta inauliza kama ibadilishe faili iliyopo, anakubali, na ya Tanzania imekwenda. Kifaa hakina ubovu wowote. Dawa ni kuzichagua ramani zote mbili kwenye programu ya kompyuta, BaseCamp kwa mfano, na kuzituma kwa pamoja ziwe faili moja. Vifaa vya baadaye, kuanzia GPSMAP 62 na eTrex 20, vinakubali faili kadhaa zenye majina tofauti, kwa hiyo unaweza kuwa na tanzania.img na kenya.img bila ugomvi.

Lakini kukubali faili nyingi si ruhusa ya kuziwasha zote. Ramani mbili za eneo moja zikiwashwa pamoja, moja huifunika nyingine, na mtu analalamika kwamba njia alizopakia jana hazionekani. Ingia kwenye mipangilio ya ramani, zima usizozihitaji. Uchoraji wa skrini nao utakuwa mwepesi.

Kuhusu ukubwa wa kadi sitasema mengi. Kadi ya GB 64 huja na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, na vifaa vingi vya aina hii vinataka FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufika GB 4. Kadi ya GB 8 au 16 inatosha kabisa. Ramani ya Tanzania iliyotengenezwa kwa data za OpenStreetMap, mradi wa ramani huria, haikaribii ukubwa huo, tena ni ya bure.

Wapo wanaoogopa kufuta ramani wakidhani pointi zao zitaondoka nazo. Pointi na ramani ni vitu viwili. Kwenye vifaa vya baadaye pointi hukaa katika folda ya GPX, na kufuta faili ya .img hakuzigusi. Hatari iko kwa anayefuta ovyo kwenye memori ya ndani ili kupata nafasi: gmapbmap.img ni ramani ya msingi iliyokuja na kifaa, na gmapprom.img, kama ipo, ni ile iliyopakiwa kiwandani. Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya Garmin kwenye kompyuta. Na usichomoe kebo kabla ya kukiondoa kifaa kwa utaratibu kwenye kompyuta (Eject). Faili iliyokatikia njiani inaweza kukifanya kigome kuwaka.

Kwa wavuvi nina neno zito zaidi. Ramani ya bure yenye barabara na vijiji inaonyesha ufuo na visiwa, kwa hiyo mtu huiamini baharini. Ramani hizo kwa kawaida hazina vina vya maji, na mafungu ya mchanga huhama. Kuona rangi ya buluu mbele ya chombo hakumaanishi kuna maji ya kutosha. Kwa vina inatakiwa ramani ya baharini, ambayo ni bidhaa nyingine.

Mwisho, kuna wanaoifuta ramani nzima kwa sababu "imekaa pembeni". Mara nyingi kosa ni mpangilio wa datumu, yaani msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake. Ramani za karatasi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, ilhali GPS huanza na WGS84. Tofauti ardhini ni takriban mita 300. Kwa mpaka wa shamba, hizo ni ekari za mtu. Ukisoma namba kutoka karatasi hizo, weka datumu ya karatasi kwanza, kisha ukimaliza rudisha WGS84. Ukitumia UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita badala ya nyuzi, hakikisha uko kanda ya 37 Kusini. Mstari wake wa kati ni longitudo 39, unaopita kati yetu na wenzetu wa Bagamoyo: ukiwa Tanga mjini namba ya mashariki inazidi kidogo 500,000, ukiwa Bagamoyo mjini inapungua kidogo. Ukiona tofauti na hapo, kagua mipangilio kabla ya kuilaumu ramani.