Kilima hakiporomoki ghafla

Kule Pemba, kilima kikimeguka wakati wa masika, watu husema kimeanguka ghafla kwa uzito wa maji. Uzito unachangia, lakini si kiini cha jambo.

Chukua sanduku lenye ubavu wa kioo. Jaza mchanga wenye unyevu kidogo kwa matabaka ya sentimita 5, kila moja ulishindilie sawasawa, na baina yake uchore mstari wa chokaa kando ya kioo. Mteremko uwe nyuzi 35. Kisha ingiza maji kwa nyuma, polepole. Maji yakijaa kati ya chembe huzisukuma zisikandamizane, na msuguano hupungua. Chini hulowa na kufura, juu hufunguka ufa, mistari ya chokaa hupinda; ndipo kipande huteleza.

Tabaka lisiloshindiliwa vizuri hudidimia tu na kuharibu jaribio. Kasoro kubwa zaidi ni kimo: mchanga mnyevu wa sentimita 20 hujishikilia kupita kiasi, kilima cha kweli hakiwezi. Ndiyo maana baadhi ya maabara huuweka mfano kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ukivutwa mara 50 ya mvutano wa dunia, sentimita 20 huwakilisha mita 10.

Ufa mpya wenye umbo la upinde juu ya bonde, au mkarafuu ulioanza kuinama, huenda ukawa dalili kwamba mwendo umeshaanza.