Mawe ya Mwanza Hayakui, Udongo Ndio Unaoondoka

Vuli inakaribia, na malalamiko kutoka milimani, Mabatini, Igogo na kwingineko jijini Mwanza, ni yale yale: jiwe la nyuma ya nyumba "limekua".

Jiwe halikui. Majabali haya ni graniti yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.5. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, yakawa asidi hafifu, yakapenya kwenye nyufa. Humo feldispa, zile punje nyeupe au za pinki, huoza zikawa udongo laini wa kaolini. Ulanga mweusi, vile vipande vyembamba vinavyometa, hushika kutu. Kwatzi, zile punje ngumu kama kioo, haiozi, hubaki mchanga. Kona huliwa pande tatu kwa mpigo, ndiyo maana jiwe hubaki mviringo ndani ya udongo uliotokana na mwamba wenyewe. Mvua na majembe yakiondoa udongo huo, jiwe linachomoza.

Juani hali ni nyingine: joto la mchana na baridi ya usiku husaidia kuambua maganda, nayo mizizi ya mkuyu hupanua ufa.

Jiwe la mviringo lenye kipenyo cha mita 3 lina tani 37 hivi. Ufa wa juu uliokuwepo tangu enzi za babu usikunyime usingizi. Kinachotutia hofu ni shimo la choo au maji ya kufulia chini ya jiwe, kwa kuwa kaolini ikilowa huteleza. Chimba mtaro upande wa juu ili maji yapite kando. Usizibe ufa kwa saruji, maji yatajaa nyuma yake. Weka alama mbili za rangi, moja kila upande wa ufa, upime kwa milimita kila mwezi. Umbali ukiongezeka, au udongo mbichi ukionekana kwenye kitako cha jiwe, hama kwanza, kisha mwarifu mwenyekiti wa mtaa, naye apeleke taarifa kata na kwa mhandisi wa halmashauri.

Kuhusu kupasua kokoto, tumeshasema mara nyingi: jiwe kuwa kwenye kiwanja chako hakukupi haki ya kulichimba kibiashara. Unahitaji Leseni Ndogo ya Uchimbaji Madini, ya miaka 7 na inayoweza kuhuishwa, kupitia Afisa Madini Mkazi. Bila leseni ni faini au kifungo, na mzigo unaweza kutaifishwa. Ndani ya mita 60 kutoka ziwani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina masharti yake tofauti, leseni haiyafuti. Baruti ina kibali chake pia, na fundi wake awe na cheti.

Wanaochoma matairi juu ya jiwe ili lipasuke wajue kwamba kwatzi ikifika nyuzi 573 hutanuka ghafla, na nyufa ndogo zisizoonekana hubaki ndani ya kila kokoto. Mnunuzi, gonga kwa nyundo: kokoto nzima hulia kama chuma, iliyoungua hutoa sauti bubu na kumeguka unga kwenye kingo. Hiyo usiitumie kwenye zege la slabu.